Kutoka Ziwani Hadi Bururi: Mchukuzi wa Baiskeli Naye ni Mfanyakazi



Bidoni ya mawese inayouzwa katika soko la Bururi haikujipandisha mlima yenyewe. Ama imepanda juu ya lori, ama imepandishwa na mtu aliyeshika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja na kusukuma mzigo kwa mkono wa pili, kutoka joto la ziwa Tanganyika hadi baridi ya mlimani. Mtu huyo ndiye tunayetaka kumzungumza leo.

Kwa muda mrefu, katika mikutano yetu ya wafanyakazi wa vinu vya mawese, wa viwanda vya mjini na wa mashamba ya chai, swali moja limekuwa likirudi: Je, wachukuzi wa baiskeli ni wenzetu? Wako waliosema, "Hapana. Mwenye baiskeli ni mchuuzi. Ananunua, anauza, hana bwana anayemwamuru. Chama ni cha mtu anayepokea mshahara." Wako waliojibu, "Anayekula kwa jasho lake ni mfanyakazi, awe na bwana au asiwe naye." Maneno yakawa mengi, na kila mara mkutano ukafungwa bila jibu.

Wakati tukibishana hivyo, mchukuzi mmoja aliyejulikana na wengi wetu alikufa mlimani akiwa ameshikilia lori. Mjane wake akaja kuuliza kama chama kina msaada. Tulichanga kilichokuwamo mifukoni mwetu, lakini mfuko wa rambirambi haukuweza kufunguliwa, kwa kuwa jina la marehemu halikuwamo katika daftari. Baada ya hapo tuliona hapana budi kuacha kubishana juu ya watu ambao hatujawahi kufanya kazi yao hata siku moja. Kiangazi kilichopita watatu wetu kutoka chama tukafuatana na wachukuzi 12, kutoka Bujumbura hadi Rumonge, na kutoka Rumonge hadi Bururi, kwa baiskeli, na mizigo juu. Haya ndiyo tuliyoyaona.

BARABARA YA ZIWA

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni karibu kilomita 75. Barabara inafuata mwambao, ziwa mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Mahali pengine mlima umesogea mpaka karibu na maji, na barabara imebanwa katikati kama mtu aliyekaa kati ya mashemeji wawili. Tulitoka gizani, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, bidoni tupu zikigongana nyuma kama ngoma.

Mgeni anaweza kudhani kwamba kwenye tambarare hakuna kazi. Lakini wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kufuata urefu wa ziwa, na anayekwenda Rumonge anaupokea usoni. Hapo ndipo tulipojifunza somo la kwanza. Wachukuzi hawaendi kama kundi la mbuzi. Wanakwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, gurudumu karibu na gurudumu. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika. Baada ya muda wa mbele anajitoa pembeni, anarudi mwisho wa mstari, na wa pili anashika nafasi yake. Hakuna anayepiga filimbi wala kutoa amri. Aliye mdogo au mgonjwa siku hiyo hakai mbele kabisa, na hakuna anayemsema.

Mabingwa wa mbio za baiskeli wa Ulaya hufanya vivyo hivyo. Kwa mwendo wao wa kasi, anayejificha nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa hata theluthi moja ya nguvu zake. Kwa mwendo wetu wa pole faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini upepo ukiwa mkali utaitambua kwa miguu yako.

Tulipita Mugere, penye jiwe la ukumbusho la Livingstone na Stanley, waliofika hapo mwezi wa Novemba 1871. Mzee mmoja wa msafara wetu, ambaye amebeba mizigo kwenye barabara hii zaidi ya miaka 20, alilitazama akasema, "Hao wazungu wawili wameandikwa kwenye jiwe. Waliowabebea mizigo wako wapi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu neno lake lilikuwa la kweli. Stanley alikuja na wapagazi wengi kutoka pwani, nao walikuwa watu wa kulipwa kwa mzigo, kama hawa wa leo.

Kabezi, Gitaza, Magara, Minago: kila kituo kina maji ya kunywa, mtu wa kuziba mipira, na mama anayeuza muhogo na dagaa. Pembeni tuliona alama za mafuriko. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu Rumonge, kama lilivyofanya Gatumba. Barabara ikiharibika, lori linaweza kungoja tingatinga. Mchukuzi hangoji. Anashuka, anabeba baiskeli begani, anavuka, anapanda tena. Tufikapo jua la saa saba tulikuwa Rumonge, na wale watatu wa chama hatukuweza kukaa juu ya benchi kwa sababu zinazojulikana na kila aliyepanda baiskeli siku nzima.

RUMONGE: HESABU YA BIDONI

Wasomaji wetu wa mwambao hawahitaji kuelezwa michikichi ni nini. Kwa ajili ya ndugu wa mashamba ya chai tutasema kwa ufupi. Mkungu wa chikichi hukatwa, chikichi huchambuliwa, huchemshwa ndani ya pipa, hupondwa na kukamuliwa, na mawese huchemshwa tena ili maji yatoke. Mise inayobaki hutoa mafuta mengine ya kutengenezea sabuni. Rumonge ndiyo makao ya kazi hiyo katika Burundi nzima. Mji huo ulifanywa makao makuu ya mkoa mwaka 2015, na tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 umo katika mkoa wa Burunga.

Kwa nini watu wengi wa nchi yenye michikichi wanaishi kwa kusukuma baiskeli? Tuliuliza, na jibu la kwanza lilikuwa ardhi. Mwaka 1972 watu wengi wa mwambao huu walikimbilia Tanzania, wengine wakakaa huko zaidi ya miaka 30. Waliporudi, mashamba mengi yalikuwa na watu wengine, na kesi zikawa nyingi. Penye shamba moja sasa kuna nyumba mbili au tatu. Kijana asiye na mchikichi wake mwenyewe ana njia chache: kuvua, kuponda mawese kwa kibarua, au kuyabeba.

Jibu la pili lilikuwa mafuta ya magari. Kwa miaka kadhaa sasa petroli na mazuti vimekuwa adimu nchini, na lori linaweza kulala siku nyingi likingoja. Mzigo uliokuwa wa lori unahamia juu ya keria ya baiskeli. Mchukuzi anapata kazi zaidi, lakini si malipo zaidi, kwa kuwa wachukuzi nao wameongezeka.

Sasa tuje kwenye ule msemo wa mikutanoni, kwamba mwenye baiskeli ni mchuuzi mdogo asiye na bwana. Tuliwauliza wale 12 mmoja mmoja. Watano tu ndio wenye baiskeli zao. Saba waliobaki wamekodi, nao humlipa mwenye baiskeli kila wiki, kuwe na mzigo au kusiwe na mzigo. Na mawese je? Wanne walikuwa wamenunua kwa fedha zao. Wanane walibeba mawese ya mfanyabiashara, nao hulipwa kwa bidoni inayofika. Bidoni ikipasuka njiani, inakatwa kwenye malipo. Baiskeli ikivunjika, matengenezo ni yao. Wakiugua, siku hiyo hakuna kitu.

Ndugu, mtu anayelipwa kwa kipande, kwa mzigo wa mtu mwingine, juu ya chombo cha mtu mwingine, tumwite jina gani? Katika shamba la chai mchumaji hulipwa kwa kilo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba yeye ni mchuuzi.

Tukafunga mizigo. Bidoni moja ya lita 20 ina mawese ya kilo 18 hivi. Wengi walifunga bidoni tano, yaani kilo 90. Baiskeli yenyewe, ile ya chuma yenye keria iliyoongezwa nondo, ni kama kilo 20. Sisi wa chama tulifunga bidoni mbili mbili, na hakuna aliyetucheka, ila mzee yule alizikagua kamba zetu akazifungua zote na kuzifunga upya.

MLIMA

Kwa ndege, kutoka Rumonge hadi Bururi ni kama kilomita 20 tu. Lakini barabara inajizungusha kama nyoka, kwa sababu kati ya miji hiyo miwili umesimama ukingo wa ile milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nili. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari. Bururi iko juu ya ziwa kwa zaidi ya mita 1,000. Asiyepata picha ya mita 1,000 na afikirie nyumba ya ghorofa zaidi ya 300, halafu afikirie kupandisha bidoni tano na baiskeli hadi juu, kwa ngazi.

Baiskeli yetu haina giya za kubadilisha. Gurudumu la meno la mbele ni kubwa, la nyuma ni dogo, na kila mzunguko wa pedeli unataka kuisogeza baiskeli mita tano hivi. Kwenye tambarare hiyo ni faida. Kwenye mlima, na kilo 90 nyuma, hakuna mguu wa binadamu unaoweza. Hivyo basi mchukuzi anashuka. Mkono wa kushoto unashika usukani, wa kulia unashika fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, na kifua kinainama mbele. Tangu hapo baiskeli si ya kupandwa tena. Ni mkokoteni wenye magurudumu mawili unaotaka kuanguka.

Tulitoka saa tisa ya usiku ili jua litukute juu. Desturi yao ni hii: wanapanda wawili wawili. Penye kona kali, wa pili anaiegesha baiskeli yake kwa mti wa kuegemezea, anakuja kusukuma ya mwenzake mpaka kona iishe, kisha wanarudi wote wawili kuleta ya pili. Kwa hiyo kona moja hupandwa mara mbili, na wengine huuliza hiyo ni akili gani. Tulijibiwa na kijana mmoja: "Ukisukuma peke yako utasimama mara kumi, na kila ukisimama lazima uizuie isirudi nyuma. Kuizuia kunachosha kuliko kuisukuma." Tulijaribu njia zote mbili. Kijana alisema kweli.

Kila baada ya kona chache walisimama wote, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakanywa maji na kukagua kamba. Aliyefika kwanza hakuondoka kwanza. Alingoja mpaka wa mwisho apumzike naye. Hii nayo ni kanuni yao isiyoandikwa. Wanasema anayefika wa mwisho na kuwakuta wenzake wanainuka, huyo hapumziki siku nzima, naye ndiye atakayeanguka.

Hapo tunataka kuwakumbusha ndugu wasomaji jambo la sheria. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo linasema kwamba mwanamume mzima asipewe mzigo wa kubeba kwa mwili wake unaozidi kilo 55. Kipimo hicho kinahusu mzigo unaobebwa na mtu mmoja mzima mzima. Mchukuzi wetu ana kilo 90, lakini kwa kuwa chini yake kuna magurudumu mawili, kipimo hakimtazami. Gurudumu limemtoa katika sheria bila kumtoa katika uzito. Anayetilia shaka na aje asukume kwenye kona moja tu.

LORI

Jua lilipokuwa limekwisha kuchomoza, na tuko kama nusu ya mlima, tulisikia lori likinguruma chini yetu. Wachukuzi wote waliligeukia. Msomaji aliyepita barabara ya Bugarama ya Muramvya, ile iendayo Bujumbura kutoka juu, anajua tunalosema: watu kadhaa wameshika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, baiskeli chini yao, wakivutwa kupanda mlima. Si ruhusa, na kila mtu anajua si ruhusa, na kila siku wako.

Kabla ya safari tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayeshika lori. Lakini makubaliano ya ofisini ni kitu kimoja, na kuliona lori linakupita ni kitu kingine. Kijana mmoja alikwisha panda kwenye kiti chake. Mzee akamwambia, "Mwanangu, shuka."

Kijana akamjibu kwa heshima, lakini alijibu: "Mzee wangu, nikifika saa nne nauza bei ya asubuhi. Nikifika saa nane nauza bei ya huruma. Je, hawa wa chama watanilipa tofauti?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Lori likapita polepole, na wachukuzi wengine wawili, ambao hawakuwa wa msafara wetu, walikuwa wamelishika nyuma. Mmoja alikuwa amefunga kamba kwenye lori na kuizungusha mkononi. Mzee aliwapigia kelele waifungue. Hawakusikia, au hawakutaka kusikia.

Alipoona wamepotea kwenye kona, mzee alitueleza kwa nini mshiko huo huua. Dereva hawaoni. Akifunga breki ghafla, mshikaji hugonga chuma. Lori likiyumba kukwepa shimo, baiskeli hutupwa ukingoni penye changarawe au bondeni. Na aliyejifunga kamba mkononi hawezi kuachia hata akitaka. Hatari nyingine ni gari linaloteremka upande wa pili. Yeye mwenyewe, alituambia, alishika malori kwa miaka 8, akaacha siku alipomzika mwenzake.

Yule kijana alishuka kwenye kiti. Hakusema neno, akaanza kusukuma.

SOKONI

Tulifika Bururi karibu saa saba ya mchana, miguu ikitetemeka, na baridi ya mlima ikiingia ndani ya mashati yaliyolowa. Mawese nayo yalikuwa yamekwisha kuganda mdomoni mwa bidoni. Huko juu mara nyingi huwa lazima kuiweka bidoni karibu na moto ili mafuta yamiminike.

Neno la kijana lilikuwa la haki. Wale wawili wa lori walikuwa wamekwisha kuuza na kula. Mnunuzi alipotuona tumechelewa, tumechoka, na hatuwezi kuyateremsha mawese tena, alitaja bei ya chini. Kila mchukuzi akija peke yake, huuza hapo hapo, kwa sababu hana pa kulala wala chakula cha kungojea.

Lakini siku hiyo walikuwa 12 pamoja. Wale wanne wenye mawese yao walikaa pembeni, wakapatana bei moja, na wakaambiana kwamba hakuna atakayeuza chini ya hapo mpaka kesho asubuhi. Wale wanane wa malipo ya bidoni walitoa fedha ya chakula kwa wanne, na wote wakakubali kulala sehemu moja. Mnunuzi alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kabla ya magharibi aliongeza bei. Hakufika pale walipotaka, ila alipita katikati. Tukifanya hesabu, walipata zaidi kidogo kuliko wale wa lori. Kidogo, ndugu, tusidanganyane. Lakini walikipata wakiwa hai, bila kucheza na roho zao nyuma ya lori.

KUTEREMKA

Watu wengi hudhani kwamba kuteremka ni zawadi ya mpandaji. Siyo. Mchukuzi harudi mtupu. Huteremsha viazi, maharage, ndizi au makaa. Baiskeli yenye mzigo ikipata mteremko, uzito uleule uliokuwa adui wa kupanda sasa unataka kukimbia na mtu wake. Breki za vyuma hubana rimu, na rimu hupata moto mpaka mpira wa ndani huweza kupasuka. Wakati wa mvua rimu ikilowa breki hushika kwa kuchelewa, na wengine huongeza ndala kwenye gurudumu la nyuma kuwa breki ya tatu.

Desturi ya kushuka ni kinyume cha ile ya ziwani. Kule gurudumu hukaa karibu na gurudumu. Hapa kila mtu huacha nafasi kubwa, mzito kuliko wote hutangulia ili asimwangukie mtu, na penye kona kipofu wa mbele hupiga mluzi. Kabla ya kuanza walikagua breki za kila baiskeli. Mbili zilikuwa na raba zilizokwisha kabisa. Wenyewe hawakuwa na fedha ya kununua mpya, na wenye baiskeli walizozikodi hawakuwa mlimani. Wenzao wakatoa raba zao za akiba.

MABINGWA NA SISI

Mwezi wa Septemba 2025, jirani zetu wa Kigali walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5 na kupanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, na ni 30 tu waliomaliza. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Tunampa heshima yake, kwa maana anayejua mlima humheshimu mwenziwe.

Lakini tuangalie jinsi bingwa anavyopanda. Kanuni inasema baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na mafundi wote huhangaika kukaribia hapo. Nyuma yake kuna gari lenye magurudumu ya akiba. Kuna daktari. Kuna wenzake wa timu ambao kazi yao ni kumkatia upepo na kumletea maji. Hapana bingwa wa baiskeli aliyewahi kupanda peke yake, ingawa picha ya gazeti humwonyesha peke yake.

Mchukuzi wa Rumonge anapanda mzigo wa mara kumi na zaidi ya baiskeli ile. Gari la nyuma hana. Daktari hana. Alichonacho ni yule wa pili anayekuja kusukuma kwenye kona. Je, sisi wenye daftari, mfuko na mkutano tutakaa pembeni tukimpigia makofi?

TUNAYOPENDEKEZA

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tumeubeba kidogo, bidoni mbili tu, na usufi hatukuuona. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya mbele ya matawi yote, yajadiliwe kabla ya mkutano mkuu wa wajumbe.

Kwanza, mchukuzi wa baiskeli aandikishwe kuwa mwanachama, awe amekodi au awe na baiskeli yake, kwa mchango mdogo wa wiki unaolingana na kazi ya kipande. Burundi iliridhia mwaka 1993 Mkataba namba 87 juu ya uhuru wa kuunda vyama, na Pendekezo namba 204 la mwaka 2015 la Shirika la Kazi Duniani linawataja wazi wafanyakazi wasio na ajira rasmi, pamoja na wanaojiajiri wenyewe. Hatuombi jambo geni.

Pili, katika Rumonge na Bururi pawe na sanduku la raba za breki, kamba na mipira ya ndani. Anayechukua atalipa akiuza mzigo.

Tatu, misafara iwe na saa ya kuondoka na mkuu wa msafara, na Bururi pawe na chumba cha kuweka bidoni usiku mmoja. Huwezi kumwambia mtu aache lori ikiwa hujamwondolea bei ya huruma. Chumba hicho ndicho jibu la swali la yule kijana, na kitagharimu chama chini ya gharama ya mazishi mawili.

Nne, viongozi wetu wazungumze na wakuu wa barabara na wa miji. Mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya Bujumbura. Amri ya namna hiyo inapotolewa, wachukuzi nao wawe na mtu wa kuwasemea mezani kabla haijaandikwa.

Tano, wafanyabiashara wanaolipa kwa bidoni waitwe wakae nasi, ili bidoni iliyopasuka kwa ajali isimwangukie mchukuzi peke yake.

Tunajua watakaouliza fedha zitatoka wapi. Wale 12 wameanza kabla yetu. Siku tuliporudi Rumonge kila mmoja alitoa bei ya nusu lita ya mawese, wakampa mzee azishike, na kijana yule yule wa mlimani akachaguliwa kuandika hesabu katika daftari la shule. Majina 12 yamekwisha kuandikwa humo. Matawi yanaombwa kuleta majibu yao kwa maandishi kabla ya mvua za masika, wakati mlima unapoteleza.